Kabla ya Kumwadhibu Aliyesinzia

Akina mama wapendwa, huenda baadhi yenu mliisikia habari ya ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia mwezi Agosti mwaka 2022. Ilikuwa inatoka Khartoum kwenda Addis Ababa. Ilipofika mahali pa kuanza kushuka, haikushuka. Waongozaji wa ndege walioko chini waliita na kuita, kimya. Ndege ikaupita uwanja ikiwa juu zaidi ya mita 11,000, ikijiendesha kwa mtambo wake. Iliripotiwa kwamba marubani wote wawili walikuwa wamelala, na kwamba kilichowaamsha ni kengele ya ule mtambo ulipojizima. Wakaigeuza ndege na kutua salama dakika kama 25 baadaye. Shirika lilieleza kwamba mawasiliano yalikatika kwa muda, na kwamba wahusika wameondolewa kazini wakati uchunguzi ukiendelea.

Habari hiyo ilitufikia tukiwa kwenye chumba cha chai, sisi wauguzi. Wengi walisema papo hapo kwamba watu wale wafukuzwe, wamechezea roho za watu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa ametoka zamu ya usiku aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwani walikuwa wamelala saa ngapi kabla ya kuruka?" Hakuna aliyemjibu. Chai ikaisha tukarudi wodini. Lakini swali lile ni zuri kuliko hukumu yetu ya haraka, na tumeona tuliandikie, kwa sababu linawahusu watu wengi zaidi ya marubani. Linamhusu muuguzi, dereva wa basi, mlinzi, na yule baba anayeendesha gari kubwa la mawe mgodini Geita wakati sisi wengine tumejifunika blanketi.

Mwili wa mwanadamu una saa yake ndani. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri joto la mwili hushuka, macho huwa mazito na akili hupunguza mwendo, hata kwa mtu aliyepata usingizi wa mchana. Sisi tunaokesha wodini tunaijua saa 10 alfajiri kuliko tunavyoijua saa nyingine yoyote. Ndiyo saa ambayo unasoma chati ya mgonjwa mara tatu na bado huoni kilichoandikwa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kama mwenye kiasi cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24 bila kulala, ni kama asilimia 0.10, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva hukamatwa. Tofauti ni kwamba mlevi ananuka pombe, kwa hiyo kila mtu anamwona. Aliyechoka ananuka sabuni tu.

Tena kuna usingizi wa kufumba na kufumbua. Mtu hupotea kwa sekunde chache huku macho yakiwa wazi, naye mwenyewe hajui kwamba amepotea. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutembea karibu mita 90 kwa sekunde 4. Hakuna dua wala kahawa inayoweza kuuzuia usingizi wa namna hiyo ukishaamua kuja. Kinachouzuia ni kulala.

Sasa sikilizeni kisa cha Indonesia, maana kinatuhusu akina mama moja kwa moja. Januari 25, mwaka 2024, ndege ya shirika la Batik Air ilikuwa inarudi Jakarta kutoka mji wa Kendari, ikiwa na abiria 153. Rubani mkuu alimwomba msaidizi wake ashike usukani ili apumzike kidogo. Msaidizi akakubali, kisha naye akapitiwa na usingizi. Kwa dakika 28 hakuna aliyekuwa macho mbele. Ndege ikatoka kidogo kwenye njia yake, rubani mkuu akaamka, wakatua bila mtu kuumia. Walisimamishwa kazi kwa muda. Lakini wachunguzi wa serikali hawakuishia hapo. Walikwenda mpaka nyumbani, kwa maneno, na kugundua kwamba yule msaidizi alikuwa na watoto pacha wa mwezi mmoja, na kwamba usiku alikuwa akiamka mara kwa mara kumsaidia mkewe kuwalea. Alikuwa hata amemwambia mwenzake kwamba hajapumzika vya kutosha. Wachunguzi wakalitaka shirika liweke maelekezo ya kina ili rubani ajipime kwa dhati kabla ya kuruka.

Akina mama mliolea pacha hamhitaji kuelezwa zaidi. Sisi tuliguswa na jambo moja: kwamba katika ripoti ya ndege kubwa namna ile, wameandikwa watoto wachanga wanaolia usiku. Kwetu huku, mama mwenye mtoto mchanga akisinzia kazini, nani huandika habari za mtoto?

Tuwaeleze lililotokea katika hospitali moja ya ukanda huu, ambayo hatutaitaja. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, alipangiwa zamu 5 za usiku. Muuguzi mmoja wa wodi ile alikuwa likizo ya uzazi, mwingine amepelekwa mafunzo, na nafasi zao hazikuzibwa. Zamu 5 zikawa 9. Kila usiku saa 12. Mchana alirudi nyumbani akamkuta mtoto wake wa mwisho ana homa ya malaria, maji ya bomba yamekatika, na mahindi yako uani yanangojea kupukuchuliwa. Usiku wa tisa, saa 10 alfajiri, alimaliza kupima joto la wagonjwa wote, akakaa mezani kuandika kitabu cha ripoti. Mkubwa wa zamu alipopita alimkuta amelaza kichwa juu ya kitabu, kalamu ingali mkononi. Dripu ya mgonjwa mmoja ilikuwa imekwisha. Hakuna mgonjwa aliyedhurika.

Asubuhi ile ile alipewa barua: ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kulala kazini na kuhatarisha maisha ya wagonjwa. Alikuja nayo kwetu akilia, akiwa ameshaandika majibu yake kwenye karatasi ya daftari. Majibu yenyewe yalikuwa mstari mmoja: anaomba msamaha, shetani alimpitia.

Tukamwambia, "Dada, usimsingizie Ibilisi jambo lililoandikwa kwenye rosta."

Tukaketi naye. Tulichukua rosta, tukahesabu: usiku 9 mara saa 12 ni saa 108 katika siku 9. Tukamwuliza kila mchana alilala saa ngapi. Tatu. Nne. Siku mtoto alipozidiwa, hakulala kabisa. Hayo yote tukayaandika kwa utaratibu, bila kumtukana mtu. Kwenye kikao aliulizwa, kama alikuwa amechoka kiasi hicho, kwa nini hakusema. Akajibu kwa heshima kwamba alisema usiku wa sita, akaambiwa avumilie, kazi ya uuguzi ni wito. Mjumbe mmoja, mfamasia, akaomba rosta iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ulitokea ubishi mrefu. Mwishoni alipewa onyo la maandishi, na kwa upande mwingine ikaamuliwa kwamba mtu asizidishiwe usiku zaidi ya 4 mfululizo bila aliyeidhinisha kuweka sahihi yake. Utaratibu huo ulisaidia sana. Watu hawapendi kuweka sahihi. Lakini lile onyo halikufutwa, na sisi mpaka leo hatuoni kwamba lilikuwa la haki. Kwenye faili lake imeandikwa alilala. Haikuandikwa alikesha.

Neno hilo la wito tunaliheshimu. Wengi wetu tuliingia kazi hii kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wito haumwongezei mtu saa za usingizi, na kiongozi anayelitumia kuziba pengo la watumishi analichafua.

Sheria yenyewe ya nchi yetu haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Baada ya saa 5 za kazi mfululizo mfanyakazi anastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine kuna mapumziko ya saa 12, ambayo yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi tu, na kila wiki kuna mapumziko ya saa 24. Usiku, kwa sheria hiyo, ni kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama mjamzito halazimishwi kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya siku zake za kujifungua, wala katika miezi 2 baada ya kujifungua. Migodini mara nyingi watu hufanya saa 12 kwa siku na kupata siku nyingi zaidi za kupumzika. Sheria inaruhusu, mradi kuna makubaliano ya maandishi. Muulizeni mume au binti yenu kama amewahi kuyaona makubaliano hayo. Wengi huweka sahihi bila kusoma.

Juu ya nidhamu, ziko Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Nazo zinataka uchunguzi ufanyike kwanza. Mtuhumiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Na aruhusiwe kwenda na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kama TUGHE kwa watu wa afya, au TAMICO na NUMET kwa watu wa migodi. Tena zinataka anayetoa adhabu aangalie mazingira ya kosa, muda ambao mtu ametumikia, rekodi yake na hali yake binafsi. Hapo ndipo wale pacha wa Jakarta wanapoingia, na yule mtoto mwenye malaria. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa watumishi wa umma kuna ngazi zao za rufaa zinazofika Tume ya Utumishi wa Umma, nazo hupitiwa kwanza. Siku 30 hupita upesi mno kwa mtu aliyevunjika moyo, kwa hiyo msingoje mpaka aache kulia.

Je, tunasema kila anayelala kazini asamehewe? La hasha. Tumewahi kumwona mtu aliyekuja zamu na kanga mbili na mto, akafunga mlango wa chumba cha dawa saa 5 usiku na kusema asiamshwe. Huyo hakupitiwa, alikwenda mwenyewe. Aliyekunywa pombe akaja kazini ni shauri lingine kabisa. Hao wana makosa yao, na mgonjwa anayehitaji msaada usiku ana haki juu yao. Lakini kipimo kimoja cha kulala kazini kinapotumika kwa wote, aliyetandika mto na aliyeanguka na kalamu mkononi wanapewa barua inayofanana, na watu wema hujifunza kuficha uchovu wao. Kesho yake ndipo dawa ya mgonjwa mmoja inapokwenda kwa mwingine.

Liko shauri gumu zaidi, nalo hatutalikwepa. Wapo wanaotoka zamu ya usiku hospitalini na kwenda moja kwa moja kuuza duka la dawa mchana kutwa, kisha wanarudi zamu. Wapo vijana wa mgodini wanaoshinda kwenye bodaboda, au kwenye duara la dhahabu la mjomba huko Nyarugusu, na jioni wanapanda basi la kampuni. Mwajiri akisema, "Mimi nilikupa saa 12 za kupumzika, umezipeleka wapi?" ana hoja. Mshahara mdogo unaeleza kwa nini mtu anafanya hivyo, ila haumwamshi dereva aliyelala. Kwa watu hawa tunaona haki ni kuwaambia ukweli mapema, kabla ya ajali, na kuwauliza waseme wenyewe watakalopunguza. Kuwavizia ili wakamatwe wakisinzia si malezi.

Waliokwenda mbali zaidi katika jambo hili ni watu wa ndege, na walijifunza kwa machozi. Februari mwaka 2009 ndege ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema chanzo ni rubani kujibu vibaya onyo la ndege kwamba inapoteza mwendo. Lakini walieleza pia kwamba marubani wote wawili walikuwa na uchovu. Mmoja alisafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini. Familia za marehemu hazikunyamaza. Kanuni mpya zilianza kutumika Januari mwaka 2014: rubani apate saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, ndani yake nafasi ya saa 8 za kulala, asiruke zaidi ya saa 100 katika siku 28. Na liko jambo ambalo tungependa lisomwe katika kila hospitali yetu. Rubani akisema amechoka mno kuweza kuruka, kampuni hairuhusiwi kumrusha. Neno "nimechoka" limepewa nguvu ya sheria. Halihesabiwi kuwa uvivu.

Linganisheni na basi. Tangu mwaka 2023 mabasi yetu yanaruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, baada ya kukatazwa kwa miaka mingi. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Utaratibu unataka madereva wawili kwa safari ndefu, nasi abiria tunaweza kuuliza pale stendi kabla ya kupanda: dereva wa pili yuko wapi, na je, amelala? Tuliwahi kuuliza hivyo, kondakta akacheka akasema, "Sista, panda tu, huyu ni mzoefu." Uzoefu hauna uhusiano na usingizi. Paulo alikuwa mhubiri mzoefu, na bado kijana Eutiko alisinzia dirishani usiku wa manane akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Tunapenda kwamba katika kisa hicho hatusikii Eutiko akikaripiwa na mtu. Paulo alishuka, akamkumbatia, watu wakafarijika.

Na nyumbani je? Hapa tunazungumza kama kikundi cha akina mama wa kanisa, maana tunatembelea nyumba nyingi, Shinyanga mjini, Kahama, na mpaka Geita na Katoro. Mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukichimba tangu mwaka 2000, Bulyanhulu tangu 2001, na Mwadui ya almasi tangu 1940. Maelfu ya familia zimezoea kuishi na mtu anayelala jua likiwa utosini. Vyumba vya kupanga vimeshikana, bati linachoma, upande mmoja redio, upande mwingine karasha linasaga mawe tangu asubuhi. Katika hali hiyo baba anatakiwa alale saa 7 ili usiku aendeshe gari linalobeba mawe yenye uzito wa zaidi ya tani 100.

Mke wa dereva mmoja wa namna hiyo alitueleza kwamba majirani wanamwita mwenye kiburi kwa sababu mchana hafungui mlango. "Mayu, nikifungua anaamka," alituambia kwa kunong'ona, huku mumewe akikoroma nyuma ya pazia. Ametundika shuka nzito dirishani. Ameweka ndoo ya maji na kitambaa cha kupoza. Watoto hula kwa bibi mpaka saa 9. Simu ya baba iko kwenye mfuko wa aproni yake, imezimwa sauti. Hakuna mkaguzi wa mgodi aliyemfundisha hayo, wala mwajiri hamlipi, lakini usalama wa zamu ya usiku unaanzia kwenye ile shuka. Na mama muuguzi, anapotoka zamu, nani humtundikia shuka yeye? Tulipouliza swali hilo kikundini akina mama wote walicheka. Tungependa akina baba nao waulizwe, ila wao bila kucheka.

Kutokana na ziara ile tulibadilisha ratiba yetu. Hatubishi hodi tena mchana kwenye nyumba za watu wa zamu; tunakwenda saa 11 jioni, mtu akiwa ameamka na kuoga. Bado kuna kwaya ya vijana, inayofanya mazoezi saa 8 mchana karibu na nyumba tatu za watu wa mgodini. Tumezungumza na mwalimu wa kwaya. Ngoma amekubali kuzihamishia upande wa pili wa kanisa. Kinanda anasema bado anakifikiria.